Kipimo Kisichopimwa ni Shahidi wa Uongo

Vipimajoto vimeingia katika vijiji vyetu kwa wingi kuliko zamani zote. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anacho, mama mwenye mashine ya kuangulia vifaranga anacho, muuguzi wa zahanati anacho, na mzazi mwenye mtoto mchanga hununua chake dukani. Vile vya kioo na zebaki vinatoweka, maana kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yalipatana kuacha kuvitengeneza na kuviuza, na mwaka 2020 ukawekwa kuwa kikomo. Mahali pake vimekuja vya betri, vyenye waya mwembamba, na mwishoni mwa waya kuna kichwa kidogo cha chuma kinachohisi joto, ambacho mafundi hukiita kihisi. Namba hutokea juu ya kioo, wazi, hata sehemu ya kumi ya digrii. Jambo hili ni jema, nami silipingi.

Ninalolipinga ni imani iliyofuatana na vyombo hivi. Watu wakiona namba huinamisha kichwa kama kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Husema, "Mashine haina upendeleo." Ni kweli, mashine haina upendeleo, lakini hata mgeni asiye na upendeleo aweza kukuelekeza njia isiyo yako, ikiwa yeye mwenyewe haijui. Neno langu ni hili: kipimajoto ambacho hakijapimwa kisikubaliwe kuwa shahidi katika jambo lo lote lenye uhai ndani yake. Tena nasema kwamba kukipima si kazi iliyo mbali nasi. Yawezekana hapa Kalenga, kwa ndoo, sufuria, barafu na subira.

Kwanza tazameni hasara, msije mkadhani nagombana kwa ajili ya vitu vidogo. Maziwa yanayopashwa moto taratibu ili kuua vijidudu hutakiwa kufika digrii 63 na kukaa hapo dakika 30. Ikiwa kipimajoto huzidisha kwa digrii 3, mwenye maziwa huona 63, huhesabu dakika zake kwa uaminifu, na kumbe maziwa yamekaa katika 60 tu. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba havisomi namba ya kioo. Vyafa kwa joto lenyewe. Mayai ya kuku katika mashine yataka kama digrii 37 na nusu kwa siku 21. Joto likizidi kwa digrii 2 siku zote hizo, vifaranga wengi hufia ndani ya ganda, na mwenye mali hulaumu jogoo. Chanjo za watoto hutunzwa kati ya digrii 2 na 8, na baadhi yake, kama ile ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Chanjo iliyoganda ikayeyuka haipigi kelele. Mtoto huchomwa sindano, mama hurudi nyumbani amefurahi, na kinga haipo.

Sasa nitajibu maneno ya wapingao, moja moja.

Neno la kwanza husema, "Chombo kimetoka kiwandani, wa kukisahihisha ni nani?" Ndugu, soma karatasi iliyomo katika kasha lake. Mara nyingi mtengenezaji mwenyewe amekiri humo kwamba chombo chake chaweza kukosea nusu digrii, au digrii nzima, juu au chini. Yeye amekiri, nawe wamtetea! Tena hayo ni maneno ya siku kilipokuwa kipya. Unyevu ukiingia katika kichwa cha waya, au waya ukipindwa mara nyingi, au kikianguka sakafuni, namba zitaendelea kutokea vile vile, nyeusi na safi, lakini ukweli umekwisha kuhama.

Neno la pili ni baya zaidi, kwa sababu hutoka katika vinywa vya watu waliosoma. Husema, "Kukihakiki ni rahisi, kitie katika maji yachemkayo. Kikisema 100 ni kizuri, kisiposema 100 ni kibovu." Maneno haya husemwa madarasani, nayo huandikwa ubaoni bila nyongeza yo yote. Kwa mtu wa Dar es Salaam, aliye karibu na usawa wa bahari, ni sawa. Kwa mtu wa Iringa au Mbeya ni uongo.

Maji huchemka mvuke wake upatapo nguvu ya kusukuma hewa iliyo juu yake. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo maji hayana budi kufika digrii 100. Kadiri tupandavyo, hewa iliyo juu yetu hupungua uzito, na maji hushindana na mpinzani dhaifu. Basi huchemka mapema. Kwa kukadiria, kila mita 300 za kupanda hupunguza digrii 1. Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, i karibu na mita 1,500 juu ya bahari. Hapa maji huchemka katika digrii 95 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 94 na nusu. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu 80. Mama zetu walijua matokeo yake kabla ya walimu kujua sababu: maharage huku juu hukawia jikoni kuliko Pwani, na kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yakiisha kuchemka hayapandi tena, moto uliozidi hupotea pamoja na mvuke.

Wala msiseme kwamba jambo hili ni geni na vitabu havijalipata. Anders Celsius wa Uppsala, ambaye vipimo vyetu vina jina lake, alitoa kipimo chake mwaka 1742, naye mwenyewe alieleza kwamba maji ya kuchemka hubadilika kwa uzito wa hewa, bali barafu inayoyeyuka haibadiliki hivyo. Asemaye 100 kila mahali bila kutaja hewa hamfuati Celsius. Amechukua nusu ya neno lake akaitupa nusu.

Fikirini madhara ya kosa hili. Mfugaji wa Kalenga ana kipimajoto kisicho na kosa. Akitia katika maji yachemkayo kinasema 95, kama kipasavyo. Anaambiwa kwamba kimepungukiwa na digrii 5, naye kwa bidii yake njema afanya hesabu ya kusahihisha: kila kikisema 60, yeye huandika 63. Basi maziwa yake yatoka motoni yakiwa katika 60, na watoto wayanywa. Shahidi wa kweli amefundishwa kusema uongo, na aliyemfundisha ni mtu mwenye cheti.

Tena kuna mtoto. Mwanafunzi wa nyanda za juu akipima maji yachemkayo akaona 95, akaandika 95, husahihishwa kwa alama ya kosa. Aliyenakili 100 kwa jirani yake hupewa alama ya sawa. Nawauliza, walimu wenzangu, tunafundisha elimu gani hapo? Tunamfundisha mtoto kwamba macho yake ni adui wa maendeleo yake.

Sisi wa Iringa haitupasi kusahau habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba huko Tanga, alitia maziwa ya kutengenezea aiskrimu katika jokofu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alikuja kusoma hapa petu, shule ya Mkwawa, Iringa, na huko pia swali lake likachekwa. Lakini Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza shuleni, Mpemba akamwuliza mbele ya watu wote. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wote wawili waliliandika katika jarida la elimu ya fizikia huko Uingereza, na hata leo wataalamu wa ulimwengu hulitaja kwa jina la Mpemba. Kuuliza si ujinga.

Wataalamu hawajapatana juu ya jambo lenyewe, na kutopatana kwao kwatufaa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio yao, wakasema hawakuona uthabiti wa kuaminika katika jambo hilo. Wakaonyesha pia kwamba tofauti ndogo tu ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo yaweza kugeuza jibu. Sihukumu kati yao na Mpemba. Nawaonyesha tu kwamba maji ya chombo kimoja hayana joto moja, na asiyejua kipimajoto chake kimekaa wapi hajui amepima nini. Hii ndiyo sababu ya kutaka chombo maalum cha kupimia, nami nitakiita birika. Sisemi birika la chai. Nawakumbusha lile la Bethzatha katika Injili ya Yohana, ambalo wagonjwa walingoja maji yake yatibuliwe. Birika letu nalo halina faida kabla maji yake hayajakorogwa.

Litengenezwe hivi. Twaa ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, na sufuria refu liingialo ndani yake na kubakiza nafasi pande zote. Weka maranda makavu chini ya ndoo, ketisha sufuria juu yake, kisha jaza nafasi ya kando kwa maranda hayo hayo ukishindilia. Pasipo na maranda, pumba za mpunga zatosha. Haya huzuia joto lisitoroke upesi. Funika kwa ubao wenye matundu: moja la kipimajoto cha mfano, mengine ya vile vinavyopimwa, na moja la kijiti cha kukorogea. Funga vichwa vya vipimajoto vyote pamoja kwa uzi, vilingane kimo, vikae katikati ya maji, visiguse chini wala kando, vizame sentimeta 10 au zaidi. Kihisi kisichostahimili maji kivishwe kidole cha glavu ya mpira, kikafungwe vizuri kwa juu.

Maji ya moto na ya baridi yachanganywe mpaka kufika karibu na joto unalolitaka: 37 kwa ajili ya mayai na homa, 63 kwa ajili ya maziwa, 5 kwa ajili ya jokofu. Koroga bila kukoma. Ngoja mpaka namba zikae. Maji mengi hubadilika polepole, na upole huo ndio tunaoutafuta. Soma kwanza kile cha mfano, kisha vingine, kisha rudia kile cha mfano. Andika yote katika daftari pamoja na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, na vipimo ni vivyo hivyo.

Barafu ndiyo shahidi wetu mkuu, kwa kuwa haijali mlima wala pwani. Lakini nayo ina masharti. Gandisha maji safi, au maji ya mvua. Usitie chumvi, maana chumvi hushusha joto chini ya sifuri. Ponda barafu iwe kama kokoto ndogo, jaza chupa ya kuhifadhia chai mpaka juu, kisha tia maji baridi ya kuziba nafasi tu. Barafu itokayo jokofuni sasa hivi bado iko chini ya sifuri. Ngoja mpaka iwe inang'aa kwa unyevu. Wala isiwe vipande vichache vinavyoelea juu ya maji mengi, kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote katika digrii 4, nayo huzama. Hapo juu utapata sifuri na chini utapata 4, nawe utalaumu chombo kisicho na hatia. Baada ya robo saa, kipimajoto kizuri kitasema 0.

Kisha waweza kutumia maji ya kuchemka, ukijua kimo cha mahali pako. Tuseme uko Kalenga. Kipimajoto chako katika barafu chasema 1 na nusu, na katika maji ya kuchemka chasema 97 mahali pa 95. Kosa lake ni 1 na nusu kule, na 2 huku. Kwa maziwa ya 63 kosa litakuwa karibu 1.8, basi ungoje mpaka kisome 64.8. Bandika karatasi yenye hesabu hiyo juu ya chombo, ili mwingine asipotee. Lakini kwa kuwa vyombo vingine hupinda katikati, afadhali ulinganishe karibu na joto lile lile unalolitumia. Tena angalieni: kipimajoto cha homa, cha kioo au cha betri, kisitiwe kamwe katika maji ya kuchemka wala katika barafu. Hicho hupimwa katika maji ya 37 tu.

Neno la tatu la wapingao husema, "Hiyo ni kazi ya wataalamu wa Dar es Salaam." Nawajibu kwa heshima. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya kupimia vipimo, na cheti chake ni lazima panapotakiwa sheria. Birika la ndoo halitoi cheti, wala halina ruhusa ya kuamua juu ya jokofu la zahanati. Muuguzi ana wakubwa wake na taratibu zake, na akiwa na shaka awapelekee wao. Lakini kujua si sawa na kutoa cheti. Mwenye duka ambaye mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo haachi kuitazama siku zote nyingine za mwaka kama mshale wake umekaa penye sifuri. Kadhalika mfugaji. Wataalamu ni wachache na vipimajoto ni vingi. Tukingoja wafike kila zizi, tutangoja tukiwa na ndama wagonjwa na watoto wagonjwa.

Neno la nne husemwa kwa unyenyekevu, nami naliogopa kuliko yote: "Tuamini tu, kushuku kila kitu si tabia ya Kikristo." Hapana. Torati ilikataza mtu kuwa na mawe ya mizani ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo. Mithali hukemea mizani ya hila. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote, wapate kulishika lililo jema. Imani tuliyopewa ni imani kwa Mungu. Hatukuagizwa kuamini betri. Auzaye maziwa kwa kipimajoto asichokijua hajakusudia kudanganya, lakini mnywaji amedanganyika vile vile, na ugonjwa hauulizi nia.

Basi naleta shauri moja. Kila kata, au kila usharika, au kila chama cha wafugaji, wachange wanunue kipimajoto kimoja kizuri, wakipeleke Shirika la Viwango kipimwe na kupewa cheti, kisha kiwekwe shuleni chini ya ufunguo. Kisitumiwe kwa maziwa wala kwa mayai. Kazi yake iwe moja tu, kuwa mfano wa vingine. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, itangazwe siku ya kupima. Kila mtu alete chake, wanafunzi wakoroge, wasome, waandike, na kila mwenye chombo aende nacho kimebandikwa kosa lake. Na kile cha mfano kirudishwe kupimwa tena kila baada ya muda, maana hata shahidi mzuri huzeeka.

Tena walimu wa nyanda za juu, nawasihi jambo lisilohitaji mchango wo wote. Kesho mkiingia darasani, futeni ubaoni ile 100 iliyosimama peke yake. Andikeni: usawa wa bahari, 100, hapa petu, 95. Na mtoto akiwaletea namba isiyofanana na ya kitabu, msimpe alama ya kosa kabla hamjakoroga maji na kusoma pamoja naye mara ya pili.

Mwalimu,
Kalenga, Iringa.